Usaili kwa Kinyozi

Binti yangu anatengeneza miguu. Nikisema hivyo watu hucheka wakidhani natania, basi inabidi nieleze. Yuko karakana ya hospitali kubwa, chumba cha mwisho kabisa, ukishapita stoo ya vitanda vibovu, na kazi yake ni kuwatengenezea miguu ya bandia watu waliokatwa. Anafunga kigutu cha mguu kwa bandeji za plasta ili apate umbo lake, anamwaga plasta, anachonga, kisha anapiga msasa mpaka pale kigutu kinapoingia pawe laini kama shavu la mtoto mchanga, maana mkwaruzo mdogo tu humrudisha mtu kwenye magongo. Kwa jinsi anavyopenda kupiga msasa, wenzake kazini wakambatiza Msasa, na jina likamfuata hadi nyumbani. Mwanzoni nilikataa. Siku hizi nami namwita hivyo hivyo, na anaitika.

Mimi nipo kwa dobi, upande wa pasi. Nasimama kutwa mbele ya meza yenye blanketi lililoungua kona, nanyoosha mashuka ya nyumba ya wageni na mashati ya watu wa ofisini. Mume wangu alifariki Msasa akiwa darasa la nne, na tangu siku hiyo tumelelewa na pasi, pamoja na Mungu, ambaye yeye hakatiki kama umeme.

Sasa, pale karakana wanajua kutengeneza mguu wa chini ya goti tu. Mtu aliyekatwa juu ya goti anahitaji goti la bandia, la kukunja wakati wa kukunja na kukaza wakati wa kukaza, na hakuna hata mmoja pale aliyefundishwa kazi hiyo. Watu wa namna hiyo hupokelewa vizuri, huketishwa, huelezwa kwa upole, kisha hurudi nyumbani na magongo yao. Iko nchi moja ya mbali inayofundisha kutengeneza magoti, na kila mwaka serikali ya huko ikishirikiana na ya kwetu hutoa ufadhili kwa watu wachache. Sharti mojawapo ni kwamba mwombaji asiwe amevuka miaka thelathini. Msasa aliomba mara ya kwanza, vyeti vikachelewa kugongwa mhuri, akaachwa. Alipoomba tena ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akikosa, basi, umri umefunga mlango na ufunguo umetupwa.

Safari hii tulihakikisha vyeti vinamtangulia hata yeye mwenyewe. Vikapita. Ukabaki usaili.

Kaka yangu, mjomba wake Msasa, akaamua tumfanyie majaribio nyumbani. Kaka yangu alikuwa karani wa mahakama miaka mingi. Amestaafu kazi, lakini kazi haijastaafu kwake. Akakaa mezani na miwani puani, mbele yake kaweka daftari tupu kwa ajili ya heshima tu.

"Msailiwa," akaanza, kana kwamba hajawahi kumbeba mgongoni, "kwa nini tukuchague wewe tuwaache wengine?"

Msasa akainamisha macho. "Wapo wengi wanaofaa, mjomba. Na mimi najaribu."

Moyoni nikafurahi. Hivyo ndivyo nilivyomlea: mtu hajisifu, na hasa mbele ya watu wazima. Kizuri chajiuza.

Lakini wifi yangu, dada wa marehemu, akaweka kikombe chini kwa kishindo. Wifi anauza vyombo vya plastiki sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na vipaza sauti vya wauza dawa za panya.

"Unajaribu nini?" akamuuliza. "Miguu watu wanaitembelea barabarani, wewe bado unajaribu?"

"Shangazi, si vizuri mtu kuji..."

"Si vizuri kitu gani? Huko watakuja watoto wa watu wanaojua kujisema. Mtu hajui hata kufunga kamba za viatu, anasema yeye ni bingwa wa viatu. Wewe utabaki na adabu zako, uzikunje uziweke kabatini."

"Wifi," nikamwambia, "mpanda ngazi hushuka."

"Ashuke akirudi. Kwanza apande hiyo ndege."

Kaka akagonga meza kutaka utulivu barazani. Majaribio yakaendelea, na kila swali lililomhusu Msasa mwenyewe lilipata jibu fupi lenye kuangalia sakafu. Ukimuuliza habari za plasta au mbao anajibu mpaka unachoka wewe. Ukimuuliza habari zake, ni kama umemwomba avue viatu hadharani.

Siku mbili tatu baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Usaili ungefanyika Jumatatu asubuhi, kwa njia ya kompyuta, wasaili watatu wakiwa wizarani huko makao makuu na yeye akiwa popote penye mtandao wa kuaminika na utulivu. Nyumbani kwetu haikuwezekana. Jirani yetu ni mchomelea vyuma, akiwasha mashine yake hata redio inakoroma. Karakana nayo ni misumeno kutwa.

Aliyetuokoa ni kinyozi wa mtaa wetu. "Njooni kwangu," akasema. "Jumatatu asubuhi sina mtu, na intaneti yangu inakimbia. Watu wananyolewa huku wanaangalia mpira wa ng'ambo. Goli likifungwa kule, na hapa limefungwa. Wa mitaa mingine wanasikia baadaye kama habari za msiba."

Ujumbe ulikuwa na sharti: msailiwa awe peke yake chumbani. Tulilisoma sote. Wifi akauliza kama maana yake ni kwamba sisi tusiende.

Kaka akacheka kicheko cha mtu anayejua sheria. "Peke yake maana yake asijibu mtu mwingine kwa niaba yake. Mahakamani mshtakiwa anajibu peke yake, na ukumbi umejaa mpaka madirishani. Umewahi kusikia hakimu akiwafukuza ndugu?"

Hatujawahi kusikia. Tena, kusema kweli, hata bila maelezo ya kaka tungeenda. Watu wazima watatu wanakuja kumhoji mtoto wa mwenzao, hata kama wanakuja kupitia kompyuta, na mtoto huyo hana baba. Utamwachaje akae nao mwenyewe kama aliyeokotwa? Watasema hana watu. Tukakubaliana kwamba tutakaa kimya upande wa nyuma wa kompyuta, tusionekane, ila yeye atuone na apate moyo.

Jumatatu nilipiga pasi blauzi yake mara mbili, ya pili kwa ajili ya moyo wangu tu. Tukaomba pamoja sebuleni tumeshikana mikono. Niliomba kwa kifupi kwa sababu kaka alikuwa anaangalia saa huku amefumba jicho moja.

Kinyozi alikuwa amejitahidi, Mungu ambariki. Sakafu haikuwa na unywele hata mmoja. Mashine za kunyolea kazipanga kwa ukubwa, mataulo kayakunja pembe nne, na chumba kizima kinanukia spiriti. Kile kiti chake cha kuzunguka alikigeuza, kikaupa mgongo ukuta wenye kioo kikubwa, na mbele yake akaweka meza na kompyuta.

"Nyuma yake akae na kioo," akaeleza. "Ukuta mtupu unaonekana kama polisi. Kioo kinapanua chumba, watadhani yuko hotelini."

Tukaona ni wazo zuri sana. Alikuwa amekisugua kwa gazeti mpaka kinang'aa. Sisi wanne, yaani mimi, wifi, kaka na kinyozi mwenyewe, tukakaa kwenye benchi la wateja, upande wa pili, nyuma ya kompyuta. Kutoka pale nilimwona Msasa uso kwa uso, na nyuma yake nikajiona mimi mwenyewe. Mtandio ulikuwa umekaa upande. Nikautengeneza kwa kutumia kile kile kioo, nikashukuru kwamba kipo.

Kompyuta ikalia kama kengele ya baiskeli, sauti zikaingia. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke, nzito na ya taratibu, akajitambulisha kuwa ndiye mwenyekiti. Ya pili ya mwanamume mwenye kikohozi. Ya tatu ya mgeni kutoka hiyo nchi ya ufadhili, aliyekuwa akizungumza Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu. Walianza kwa Kiingereza, na wifi akawa anaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi kana kwamba anaelewa. Baadaye mwenyekiti akasema, sasa tuzungumze tunavyozungumza siku zote.

Akamuuliza Msasa kazi yake. Msasa akaniangalia mimi, akamwangalia mjomba wake, akajibu kwa sauti ndogo. Akamuuliza amefanya nini cha kujivunia hapo kazini.

"Tunafanya kwa pamoja," akasema Msasa. "Fundi mkuu anatusaidia sana."

"Wewe binafsi."

"Na mimi nasaidia."

Nikasikia wifi anahema pembeni yangu. Kisha nikaona mikono yake imeanza kazi. Aliinua viganja viwili juu, kama anamsukuma mtu apande ukuta. Akajigonga kifuani. Akaonyesha miguu yake mwenyewe, akaunyoosha mmoja mbele, akautembeza hewani. Nikamfinya pajani. Akanipiga kofi la mkono bila kuniangalia, akaendelea.

"Kwa nini tukuchague wewe?" akauliza yule mwenye kikohozi.

Msasa akaangalia magoti yake. "Wapo wengi wanaofaa," akasema. "Na mimi najaribu."

Safari hii sikufurahi. Nilisikia jinsi lile jibu lilivyoanguka pale mezani, likalala. Nikafumba macho nikaomba, midomo ikicheza, na kaka akawa anakuna kidevu.

Ndipo sauti ya mwenyekiti ikaja, taratibu vile vile. "Binti, kabla hatujaendelea. Huyo mama mwenye kilemba cha njano hapo nyuma yako, anaumwa?"

Msasa akageuka na kiti kizima. Akatuona sote wanne kwenye kioo, tumejipanga kwenye benchi kama watu wanaosubiri kupigwa picha, wifi mguu bado uko hewani.

Kinyozi akasema polepole, "Oh, kioo."

"Tunawaona tangu mwanzo," akasema mwenye kikohozi. "Tulidhani ni wateja. Ila huyu mmoja anaomba, na huyu mmoja anacheza ngoma."

Kaka akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akaizunguka meza, akasimama mbele ya kompyuta. "Waheshimiwa," akasema, "naomba kuingia kwenye kumbukumbu. Mimi ni mjomba wa msailiwa."

Basi baada ya hapo tungebakije benchini? Kuketi wakati umeonekana ni ukosefu wa adabu. Tukaenda nasi kusalimia, vichwa vinne kuzunguka kichwa cha Msasa, na hapo ndipo nilipowaona. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Mwenye kikohozi alikuwa na upara safi, mpaka kinyozi akaangalia pembeni kwa huzuni. Mgeni alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, na alikuwa ametupungia mkono kabla hajakumbuka kwamba hapaswi.

"Hamjambo huko?" wifi akauliza. "Watoto wazima?"

"Hatujambo, mama. Wazima," akajibu mwenyekiti, kisha akajirudi. "Sharti linasema msailiwa awe peke yake."

"Mheshimiwa, tukirejea desturi ya mahakama..." kaka akaanza.

"Hii si mahakama, mzee wangu."

"Kwa kanuni," akasema mwenye upara, "tunafunga usaili hapa. Msailiwa aliyesaidiwa jina lake linaondolewa."

Nikasikia friji ndogo ya kinyozi ikinguruma. Nikamwangalia mwanangu, nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza, ile mikono yake yenye plasta kwenye kucha isiyotoka hata kwa brashi, na nikaelewa kwamba mwaka wa mwisho ndio huu unaokwenda, na waliouondoa ni sisi tuliokuja kuutia nguvu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema. "Mimi ni mama yake. Mtoto hana kosa, sisi ndio tuliokuja. Kwetu mtoto haachwi peke yake mbele ya wakubwa, tukadhani na kwenu ni hivyo. Tufukuzeni sisi."

Mwenyekiti akamwangalia Msasa. "Sema wewe. Hawa wamekuwa wakikupa majibu?"

Kaka akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Ndiyo," akasema Msasa. "Shangazi amekuwa akinipa. Ila sijayatumia."

Mgeni mwenye nywele nyeupe akaziba mdomo kwa mkono.

"Alikuwa anakupa majibu gani?"

"Alitaka niseme kwamba mimi ndiye bora. Na kwamba watu wanatembelea miguu yangu. Ule mguu wa hewani ndio huo."

"Si kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa kwa nini husemi?"

Akageuza macho, akaniangalia mimi, si kwa lawama, kama mtu anayeomba radhi kwa jambo atakalolisema. "Mama yangu yupo hapa," akasema.

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni.

Kule wizarani wakazima sauti yao, tukaona midomo tu inakwenda. Mwenye upara alikuwa anatikisa kichwa, mgeni anaonyesha kidole kwenye karatasi, mwenyekiti anasikiliza wote wawili bila kugeuka. Kisha sauti ikarudi.

"Mwenzangu hapa amesema jambo la maana," akasema mwenyekiti. "Rudia, mzee."

Mwenye upara akakohoa. "Nimesema, kama wamemsaidia, basi wamemsaidia vibaya. Majibu yote aliyotoa ni ya kumwangusha. Siwezi kuandika kwamba amefaidika."

"Kwa hiyo tunaanza upya," akasema mwenyekiti. "Binti, beba kompyuta utuonyeshe chumba chote. Na ninyi wazazi wangu, kwa heshima zote, tokeni nje."

Tukatoka. Wifi alitangulia akiwa ameshika kilemba chake kama aliyepigwa na upepo. Nikamwona Msasa anazunguka na kompyuta mikononi, anawaonyesha pembe hadi pembe, kisha anakaa na kuupa mgongo ukuta ule mtupu, ule unaofanana na polisi.

Mlango wa kinyozi ni wa kioo, umebandikwa picha za vichwa vilivyonyolewa mitindo. Kati ya kichwa kimoja na kingine pana nafasi. Pale nikaweka jicho. Sauti haikutoka.

"Anasema nini?" wifi akauliza.

"Sisikii."

"Mdomo unakwenda?"

"Unakwenda."

Ulikuwa unakwenda kuliko nilivyowahi kuuona. Kwanza alikaa mikono mapajani. Kisha mkono mmoja ukatoka, ukachora kitu hewani, mviringo, ukakibana. Wa pili ukafuata. Akasogea mbele mpaka ncha ya kiti. Akasema jambo akajigonga kifuani, yeye, Msasa, kidole chake mwenyewe kifuani kwake mwenyewe, na kichwa hakikuinama. Mara akasimama. Akaisogeza meza, akaanza kutembea mle ndani, kwanza kama mtu mwenye mguu unaobana, anarusha kiuno pembeni, kisha kama yule yule mtu baada ya kutengenezewa, wima, mzigo kichwani. Akacheka. Kule kwenye kompyuta nadhani nao walicheka kwa sababu alisubiri kidogo ndipo akaendelea.

Nimemzaa, nimemlea, nalala naye nyumba moja mpaka leo, na huyo mtu sikuwa nimewahi kukutana naye.

Mteja akafika, bwana mwenye haraka aliyekuwa anakwenda kusimamia harusi. Kinyozi akamzuia mlangoni. "Ndani kuna serikali mbili," akamwambia. "Kaa hapa." Akamketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamnyoa ndevu pale pale barazani kwa wembe, huku wifi ameshika kioo kidogo.

"Angalau hiki kinaonyesha mtu mmoja," wifi akasema.

Kaka hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, koti limefunguka. "Wangetutangazia mapema kwamba ukumbi umefungwa," alisema, baada ya muda mrefu.

Msasa alipotoka, uso ulikuwa umemwiva kama aliyetoka kukimbia.

"Wamesemaje?" tukamuuliza wote.

"Wamesema tusubiri."

"Na wewe umesemaje?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Nimejibu walichouliza, mama."

Nami sikumbana zaidi.

Tukasubiri. Wifi akawa anapitia barabara ya nyuma kwenda sokoni asionane na kile kioo. Kaka akatangaza kwamba tukinyimwa tutakata rufaa. Wifi akamwambia akate kwanza ulimi wake. Mimi nilifunga na kuomba, ila maombi yangu yalikuwa yamebadilika kidogo. Zamani nilikuwa namwambia Mungu, mwanangu ni mnyenyekevu, mwonee huruma. Sasa nikawa namwambia, wewe uliyempa ile mikono unaijua, na yeye anaijua, basi waliomsikia wasisahau.

Habari zilinikuta kazini. Nilikuwa naanza shati jeupe la meneja wa nyumba ya wageni nilipomwona Msasa amesimama mlangoni kwa dobi na aproni yake ya karakana, plasta hadi kwenye nyusi. Haji pale mchana hata siku moja.

"Mama," akasema, "shusha pasi kwanza."

Nikaishusha.

"Nimepata. Amenipigia mwenyekiti mwenyewe. Kasema nikusalimie wewe, na shangazi, na mheshimiwa wa mahakama, na nimwambie kinyozi kioo chake ni kizuri."

Nikapiga magoti pale pale katikati ya mashuka yanayoning'inia, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wanawake wa upande wa kufua wakaja na povu mikononi. Tulikuwa tumeshikana sote tunaruka wakati mmoja wao aliponusa. Pasi nilikuwa nimeishusha kama nilivyoambiwa, ila juu ya shati la meneja. Alama yake ilikaa mgongoni, kahawia, nzuri kabisa, kama mtumbwi. Mwenye dobi alikuja kuangalia, akaniangalia mimi nilivyo, akamwangalia Msasa.

"Hilo nitalieleza mimi," akasema. "Nitamwambia siku yake ilikuwa imefika."

Siku zikakimbia kwa pasipoti, chanjo na vipimo. Wifi alileta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akisema huko hajui wanaogea nini. Kaka akampa ushauri wa sheria za kimataifa, ambazo hazijui. Fundi mkuu wa karakana alikuja jioni moja akakaa sebuleni, akanywa chai, akasema maneno machache, akaondoka akiwa amefuta macho mlangoni akidhani simwoni.

Alasiri ya siku iliyotangulia safari tulikuwa wawili chumbani. Sanduku liko wazi kitandani, mimi nakunja nguo, yeye anatafuta mahali pa kuweka seti yake ya patasi. Nikamwambia, "Hukuwahi kuniambia ulichowajibu siku ile."

"Si neno kubwa, mama."

Nikamwangalia. Macho yalikuwa yameshashuka sakafuni. Basi nikachukua lile fungu la nguo, nikazungukia upande wa pili wa kitanda, nikakaa na kumpa mgongo, uso dirishani.

"Mimi nakunja," nikasema. "Simo humu."

Akacheka. Kisha nikasikia ameketi kwenye kigoda.

"Niliwaambia habari za fundi mmoja wa kupaka rangi," akasema. "Amekatwa juu ya goti. Kila mwezi anakuja karakana, ananiuliza kama goti limefika. Namwambia bado. Ananiambia haya, basi mwezi ujao, kama mtu anayeulizia mkate. Nikawaambia nimechoka kumwambia bado."

"Mm."

"Nikawaambia pale kwetu hakuna mkono unaokijua kigutu kama wangu. Fundi mkuu akipata kigutu kilichoshonwa vibaya, ananipa mimi. Nikawaambia nimetengeneza miguu ambayo watu wamepandia ngazi, wamelimia, na mmoja amemkimbizia mwizi akamkamata."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imesimama.

"Nikawaambia, mkimpeleka mtu mwingine, atajifunza goti. Mkinipeleka mimi, goti litarudi hapa, kwa sababu wapo watu wanaolisubiri na mimi nawajua kila mmoja kwa jina, na najua kila mmoja anakanyagaje. Nikawaambia anayefaa ni mimi."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu wazima?"

"Mbele ya watu wazima, mama."

Sikugeuka, maana ningegeuka angenyamaza. Pembeni yangu nguo zote zilikuwa zimekwisha, kimebaki kitambaa kimoja cha kichwa, nacho nilikuwa nimeshakikunja.

"Endelea," nikamwambia. "Bado nina nguo nyingi."

Nikakikunjua, nikaanza upya.